Laini ya Mama, Macho ya Mtoto!

Haya wajameni, siku hizi pale Mazwi simu za bei poa zimejaa kama maharage msimu wa mavuno, na watoto wa kidato cha pili wanazijua kuliko mimi na wewe. TikTok inasema aliye chini ya miaka 13 asijiandikishe. YouTube nayo huwafungia wasiofika 18 video za kikubwa. Na mlinzi wa mlangoni? Kaswali tu: umezaliwa mwaka gani?

Binamu yangu ana miaka 14. Mtandaoni kazaliwa 1990. "Dada, si unaandika tu?" kanijibu, tena bila aibu.

Enzi za mabanda ya video, jamaa wa mlangoni alikukagua usoni. Ukijitia sauti nzito alicheka, akakwambia rudi kwa mama yako. Alipenda hela, sikatai, lakini walau alikuona.

Wenzetu wamekaza kamba. Uingereza, tangu Julai 2025, tovuti za picha za ngono lazima zithibitishe umri, kwa njia kama kitambulisho au kupima sura. Australia, tangu Desemba 10, 2025, imezitaka kampuni ziwafungie akaunti walio chini ya miaka 16.

Sasa lete mambo hayo Ufipa! Kitambulisho cha NIDA ni cha waliotimiza 18, na laini husajiliwa kwa alama za vidole. Laini anayotumia mtoto iko kwa jina la mama muuza dagaa. Kagua laini hiyo, unakutana na mtu mzima wa miaka 42. Wangapi humwambia wakala kwamba mtumiaji ni mtoto? Na nyumba nyingine simu ni moja, inazunguka kama kata ya maji. Kupiga sura ya mtoto na kuipeleka kwa kampuni ya ng'ambo, hapo mimi bado nasita.

Lakini kukaa kimya ndiyo kasheshe. Binti mmoja mtaani kwetu alifuatwa na njemba iliyoona video zake za kucheza. Ikaanza na sifa, ikaja na vocha, mwisho ikataka picha bila nguo. Laini ilikuwa ya shangazi mtu. Mama huyo akashangaa salio linaingia wakati hajanunua kitu! Akambana binti, akasoma ujumbe wote, hakufuta hata mmoja, wakaenda nao polisi, dawati la jinsia na watoto.

Ukiona hivyo nyumbani kwako, piga 116, Simu ya Mtoto. Hailipiwi.