Uhamisho, Faraja na Tumaini: Maneno ya Manabii wa Kiebrania katika Kiswahili cha Unguja

Maneno matatu yatumikayo kila siku katika Kiswahili cha Unguja, nayo ni uhamisho, faraja na tumaini, yamekuwa nguzo za tafsiri ya vitabu vya manabii wa Kiebrania. Avisomaye vitabu hivyo kwa Kiswahili leo haoni ugumu wowote. Maneno yamekaa mahali pake kana kwamba yalizaliwa humo. Lakini wafasiri wa kwanza iliwapasa kuchagua, na kazi yao ilianzia Unguja, katika miaka ambayo kisiwa hiki kilikuwa na watu wengi walioondolewa makwao kwa nguvu. Makala haya yanakusudia kueleza maana ya maneno hayo katika Kiebrania, kuyapima pamoja na yale ya Kiswahili yaliyowekwa badala yake, na kuonyesha kwa nini jambo hilo halihusu kamusi peke yake.

I. Uhamisho

Kwanza tuikumbuke habari yenyewe kwa ufupi. Mwaka 597 K.K. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliuteka mji wa Yerusalemu akamchukua mfalme kijana Yekonia pamoja na wakuu, mafundi na askari. Kiasi cha miaka 10 baadaye, mwaka 587 au 586 K.K., mji ulibomolewa, hekalu likatiwa moto, na kundi jingine likapelekwa Babeli. Mwaka 539 K.K. Koreshi wa Uajemi aliutwaa mji wa Babeli, na baada ya hapo waliotaka kurudi wakaruhusiwa. Waliosema hasa na watu hao ni watatu: Yeremia, aliyebaki Yerusalemu akawaandikia barua, Ezekieli, aliyechukuliwa pamoja nao, na yule ambaye maneno yake yamo katika kitabu cha Isaya tangu sura ya 40 hata ya 55, ambaye wataalamu wengi humweka mwishoni mwa uhamisho kwa kuwa amtaja Koreshi kwa jina.

Kiebrania huuita uhamisho gola au galut. Mzizi wake una herufi tatu, g-l-h, na una maana mbili: kufunua, na kwenda uhamishoni. Maana hizo mbili zimo pia katika mzizi wa Kiarabu ulio ndugu yake, j-l-w, ambao watoa kitenzi cha kuwa wazi na kitenzi cha kuihama nchi. Baadhi ya wataalamu huziunganisha kwa kusema kwamba nchi iliyoondolewa watu wake huachwa wazi, kama mtu aliyevuliwa nguo.

Kiswahili hakina fumbo hilo, lakini kina jambo jingine lenye faida. Neno uhamisho latokana na kitenzi hama, kwa kauli ya kutendesha, hamisha. Aliyehama ametumia miguu yake kwa hiari yake. Aliyehamishwa ana mkono wa mwingine mgongoni. Kiebrania nacho hufanya hivyo hivyo: kitenzi gala ni kwenda uhamishoni, na higla, ambayo ni kauli yake ya kutendesha, ni kumpeleka mtu huko. Kwa hiyo kiambishi -ish- chafanya kazi ile ile ifanywayo na umbo la Kiebrania, na msomaji wa Kiswahili hawezi kulisoma neno uhamisho bila kuambiwa, japo kimya kimya, kwamba yuko aliyehamisha.

II. Kutuliza na Kufariji

Sura ya 40 ya Isaya yaanza kwa amri iliyokaririwa mara mbili, nahamu, nahamu, wakiamriwa watu wengi wasiotajwa wawape faraja watu waliohamishwa. Mzizi wa kitenzi hiki ni n-h-m. Wataalamu wengi huulinganisha na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuhema. Yaani, asili ya faraja hapa ni kumwezesha mtu kuvuta pumzi tena baada ya kubanwa na kilio. Jina la nabii Nahumu latoka humo, na kadhalika jina la Nehemia, aliyerudi baadaye kuzijenga kuta za Yerusalemu.

Mfasiri wa Kiswahili alikuwa na maneno kadha wa kadha ya kuchagua. Kuliwaza ni kupunguza uchungu kwa maneno mazuri au kwa wimbo. Ni neno tamu, lakini haliahidi kwamba chanzo cha uchungu kitaondoka. Kuhani ni kwenda kwa waliofiwa na kuwapa pole; nalo lina taabu yake, kwa kuwa katika kitabu hicho hicho jina kuhani lina maana ya mtumishi wa hekalu, na maneno haya mawili hayana uhusiano. Yakabaki mawili yenye uzito: kutuliza na kufariji.

Kutuliza ni neno la Kibantu. Msingi wake ni tua, yaani kushusha mzigo na kuuweka chini. Kutoka humo twapata tulia, na kutoka tulia twapata tuliza. Maneno kituo na utulivu yote ni ya ukoo huo. Basi kumtuliza mtu, kwa asili ya neno, ni kumfanya atue. Yafaa kukumbuka kwamba katika karne ya 19 mizigo ya biashara ya Unguja, pembe za ndovu kutoka bara na nguo na shanga zilizopelekwa huko, ilichukuliwa kwa mabega na vichwa vya watu. Kwa msikilizaji wa siku hizo neno hili lilikuwa na jasho ndani yake.

Kufariji ni neno la Kiarabu kwa asili, kutoka mzizi f-r-j, ambao maana yake ni kupasua, kufungua, kuacha nafasi. Kinyume chake ni dhiki, ambayo nayo ni ya Kiarabu, na asili yake ni wembamba, mahali pasipopitika. Methali isemayo baada ya dhiki faraja, ikichukuliwa kwa asili ya maneno yake, ni picha ya mtu aliyepita katika njia nyembamba kisha akatokea penye uwazi. Picha hiyo si ngeni kwa Kiebrania hata kidogo: neno tsara, dhiki, latoka katika mzizi wa kubana, na wokovu mara nyingi husemwa kuwa ni kutolewa hata mahali papana.

Tafsiri zetu zimegawanyika hapa. Biblia ya mwaka 1952, iliyounganisha kazi ya Unguja na ya Mombasa, imetumia kutuliza mioyo katika amri ile ya kwanza ya sura ya 40. Biblia ya Habari Njema ya miaka ya 1990 imetumia kufariji. Wako wanaodhani kwamba swali ni la asili tu, Kibantu au Kiarabu. Karl Roehl, ambaye tafsiri yake nzima ilitoka mwaka 1937, alijitahidi sana kupunguza maneno ya Kiarabu, na wasomaji wengi wa pwani waliona kwamba lugha yake si ile waliyoijua. Mimi naona kwamba neno lililokwisha kuingia katika methali ni la wenyeji, liwe limetoka wapi. Swali lililo bora ni hili: ni nini kilichoahidiwa, utulivu au ufunguzi?

Jibu ni kwamba manabii waliahidi vyote viwili, tena si kwa wakati mmoja. Barua ya Yeremia, iliyo katika sura ya 29 ya kitabu chake, yawaagiza waliohamishwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na kuutakia amani mji waliopelekwa, kwa kuwa muda wao ni miaka 70. Hiyo ni faraja ya kutua. Sura za Isaya zasema juu ya njia iliyotengenezwa jangwani na amri ya kutoka Babeli. Hiyo ni faraja ya kufunguliwa. Kiebrania chaweza kuziweka zote mbili katika mzizi mmoja. Kiswahili, kwa utajiri wake, chalazimika kuchagua.

III. Mbweni na Masasi

Mambo hayo mawili yalitokea hapa petu. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA, akatoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, akawa askofu mwaka 1874, akafa Unguja mwezi Agosti 1882. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na siku ya Krismasi mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu mahali hapo. Katika shamba la Mbweni, pwani ya kusini ya mji, upande wa magharibi kwetu sisi tulioko Tunguu, waliwekwa watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Walijengewa nyumba, wakapewa viwanja vya kulima, na skuli ya wasichana ikaanzishwa. Vijana wa misheni walifundishwa kupanga herufi katika kiwanda cha chapa. Mambo hayo yote ni ya namna ya barua ya Yeremia.

Lakini mwaka 1876 Steere alichukua kundi la watu wa Mbweni, zaidi ya 50, kwa nia ya kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa ambako wengi wao walitoka. Hawakufika Nyasa. Walipofika Masasi wakaona nchi ni njema, wakakaa hapo, ukawa mwanzo wa kijiji. Mwaka 1882 kijiji kilishambuliwa na Wangoni, na watu waliokwisha kutolewa utumwani mara moja wakakamatwa tena. Asomaye habari hii hawezi kusahau kwamba waliorudi Yerusalemu nao hawakuikuta ile njia pana iliyotangazwa. Walikuta magofu, ukame na majirani wenye uadui.

Wala wote hawakurudi. Mabamba ya udongo yaliyotangazwa na wataalamu mwaka 2014 yaonyesha maisha ya Wayahudi katika mji wa mashambani uliokuwa Babeli, ulioitwa kwa jina la Yuda. Bamba la kwanza ni la mwaka 572 K.K., na la mwisho ni la 477 K.K., yaani zaidi ya miaka 60 baada ya Koreshi. Watu hao walilima, walilipa kodi, walikopeshana na kuandikiana mikataba. Walikuwa wametua. Kadhalika Mbweni iliendelea kuwa na watu wake baada ya safari ya Masasi.

Hata hivyo tusivute mfano kupita kiasi. Watu wa Yuda walihamishwa na dola, wakiwa na wazee wao, makuhani wao na nasaba zao, na waliweza kukaa pamoja. Mtumwa aliondolewa peke yake, mara nyingi akiwa mtoto, akauzwa mara kadha njiani, na wengine hawakuweza tena kutaja kijiji walichozaliwa. Yeremia aliwaandikia watu waliojua walikotoka. Mbweni walikuwapo Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine, wasiokuwa na lugha moja ya kulilia. Lugha waliyokutana nayo wote ni Kiswahili, lugha ya pwani waliyoletwa kwa nguvu, na kwa hiyo maneno ya faraja yaliwafikia katika lugha ya mahali walipofungwa. Katika jambo hili wanalingana na watu wa Yuda kuliko inavyodhaniwa, kwa maana wao nao waliingia polepole katika Kiaramu, lugha kuu ya nchi za ufalme ule, hata sehemu za vitabu vyao zikaandikwa kwa lugha hiyo.

Katika watu hao alitoka Cecil Majaliwa, Myao aliyetolewa utumwani. Alipelekwa Chitangali, karibu na Ruvuma, mwaka 1886, na mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Isaya hasemi waziwazi ni nani walioamriwa kuwafariji watu. Hapa twaona mmoja wa waliofarijiwa akipewa kazi hiyo.

IV. Tumaini

Neno la tatu ni tikva. Mzizi wake, k-w-h, ni wa kungojea, na wataalamu wengi huuhusisha na kusokota au kuvuta uzi. Kwa kweli neno hilo hilo latumika katika sura ya 2 ya Yoshua kwa kamba nyekundu iliyofungwa dirishani na Rahabu. Ezekieli, katika sura ya 37, ile ya bonde la mifupa, aeleza malalamiko ya waliohamishwa kwamba tikva yao imepotea na wao wamekatwa. Huenda msikilizaji wa Kiebrania alisikia humo mlio wa uzi uliokatika.

Tumaini la Kiswahili latoka katika Kiarabu, na asili yake ni kutulia kwa moyo uliopata hakika. Si uzi uliovutwa. Ni moyo uliokaa. Katika Biblia ya 1952 jina tikva la barua ya Yeremia limekuwa tumaini, lakini kitenzi chake mwishoni mwa Isaya 40 kimekuwa kungojea. Tafsiri zote mbili ni sawa, ila msomaji hawezi tena kuona kwamba ni mzizi mmoja, na kwamba kwa nabii kutumaini ni kazi ya kungoja huku kamba ikivuta. Neno taraji lingeikaribia maana hiyo zaidi, lakini mtu hutaraji hata mvua na mshahara. Halina uzito wa kuwekwa mahali pa ahadi.

V. Mwisho

Tumeona kwamba uhamisho umefasiriwa bila hasara, kwamba faraja imegawanyika mara mbili, na kwamba tumaini limepata utulivu na kupoteza uzi wake. Mwalimu wa tafsiri atafanya vema kuwaonyesha wanafunzi wake mambo haya kwa pamoja, na mwenye kutunga kamusi asiandike kwamba kutuliza na kufariji ni sawa tu.

Habari hii haikuishia katika karne ya 19. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jamaa nyingi ziliondoka Unguja, na wengi wao wakafika Oman, ambako Kiswahili kingali kikisemwa majumbani hata leo. Kwao, kama kwa watu wa Mbweni, maneno haya hayakuwa mifano ya sarufi. Afasiriye maneno ya kuwafariji waliohamishwa na ajiulize kwanza kama ampa msomaji wake mahali pa kutua au njia ya kupita, asije akamwahidi lile huku akitamka hili.