Leza na Ngozi Yetu: Kufafanua Istilahi kwa Wakazi wa Mpakani

Katika toleo hili tumechagua mada ambayo huenda wengine wakaiona ni ya madaktari, wala si ya walimu wa Kiswahili. Hata hivyo, mkazi wa Busia au Tororo anayetaka kuondoa makovu ya chunusi kwa leza hukumbana na tatizo la lugha mapema. Nyumbani anazungumza Lusamia, Ateso au Dhopadhola. Sokoni, pande zote mbili za mpaka, anatumia Kiswahili. Lakini maelezo mengi ya tiba hii yameandikwa kwa Kiingereza. Asipoyaelewa, atatia sahihi fomu ya idhini bila kujua anachokikubali. Kwa hivyo tunajaribu kueleza.

Leza ni mwanga wa rangi moja unaoelekezwa mahali pamoja kwa nguvu. Leza za awali za kufufua ngozi ziliondoa tabaka lote la juu, na uso mzima ukawa kidonda. Mwaka 2004, Dieter Manstein, Rox Anderson na wenzao nchini Marekani walichapisha njia tofauti: mwanga ugawanywe kuwa nukta nyingi ndogo sana, na kati ya nukta na nukta ibaki ngozi nzima. Ni sawa na mkulima anayechimba mashimo ya mbegu bila kulima shamba lote. Ngozi iliyobaki ndiyo inayoponya ile iliyochomwa. Tunapendekeza istilahi “leza ya nukta”. Leza hizi ni za aina mbili.

Aina ya kwanza tutaiita leza inayochimba. Hutumia kaboni dioksidi (nanomita 10,600) au erbiamu-YAG (nanomita 2,940). Maji yaliyo ndani ya ngozi huchemka na kuwa mvuke, na vishimo vidogo hubaki. Hufaa makovu yenye kina na mikunjo mikubwa, na matokeo yake huonekana baada ya vikao vichache. Gharama yake ni uso wenye majimaji na magamba kwa takribani juma moja, na wekundu unaoweza kudumu zaidi. Tukizilinganisha hizo mbili, kaboni dioksidi huacha joto jingi zaidi pembeni mwa vishimo, hivyo hukaza ngozi vizuri. Erbiamu-YAG huacha joto kidogo, na kidonda hupona mapema.

Aina ya pili ni leza isiyochimba, kama ile ya nanomita 1,550. Joto hupenya ndani huku ngozi ya juu ikibaki mahali pake. Mgonjwa huvimba kidogo kwa siku chache tu, lakini huhitaji vikao kadhaa, na mabadiliko huja polepole.

Je, ipi inafaa ngozi nyeusi? Katika kipimo kilichoanzishwa na daktari Fitzpatrick mwaka 1975, ambacho sasa kina ngazi sita, wasomaji wetu wengi wako katika ngazi ya tano au ya sita. Leza tulizozitaja hulenga maji, wala hazilengi melanini, yaani rangi ya ngozi. Hata hivyo, joto lake huchochea seli zinazotengeneza melanini, na mtu aliyetaka kuondoa kovu anaweza kubaki na madoa meusi kwa miezi mingi. Kwa sababu hii wataalamu wengi huanza na leza isiyochimba, hupunguza idadi ya nukta, na huacha muda mrefu kati ya vikao. Mwenye makovu yanayovimba na kukua, yaani keloidi, hana budi kumweleza daktari kabla ya jambo lolote.

Kuna suala jingine linalohusu mpaka wetu. Krimu za kujichubua huuzwa kwa urahisi masokoni, na baadhi yake zina zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Zebaki hudhuru figo, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unakataza vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta mabaka ya bluu-nyeusi. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba. Anayeficha habari hii kwa aibu humfanya mtaalamu achague nguvu ya leza gizani.

Tunawashauri wanafunzi wetu wawafundishe jamaa zao maswali manne: Leza hii inachimba au haichimbi? Wewe ni daktari wa ngozi? Umewahi kutibu ngozi nyeusi kama yangu? Madoa yakitokea, utanitibu vipi? Mwuliza njia hapotei, na swali huulizwa vizuri zaidi kwa lugha ambayo muulizaji anaimiliki. Wasomaji wenye istilahi bora kuliko zetu tunawakaribisha wazilete idarani.