Juzuu la Kati: Kitabu cha Nyumba Inayosubiri

Mkazi wa Kimaka, pale Jinja, hahitaji kufundishwa maana ya kusubiri. Kitongoji hicho kina kiwanja cha ndege na chuo cha maafisa wakuu wa jeshi. Tangu Machi 2007, Uganda ilipopeleka askari wake wa kwanza Somalia kulinda amani, nyumba nyingi za nchi hiyo zimejifunza kuishi katikati ya habari ambayo mwanzo wake unajulikana na mwisho wake haujulikani. Chungu huinjikwa kama kawaida, ada ya shule hutafutwa, watoto huuliza baba atarudi lini, na mama hana jibu.

Kwa nyumba za namna hiyo kipo kitabu kinachofaa sana. Nacho ni The Two Towers, yaani Minara Miwili, juzuu la pili kati ya matatu ya The Lord of the Rings, hadithi kubwa ya J.R.R. Tolkien. Kilitolewa Uingereza tarehe 11 Novemba 1954, mwaka uleule ambao Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls hapo Jinja. Wako wasomaji wanaolidharau juzuu hili kwa kuwa halina mwanzo wala mwisho. Sisi twaona kwamba hapo hasa ndipo ilipo thamani yake.

Yafaa kwanza tujue lilivyozaliwa. Tolkien alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford, lakini alizaliwa Afrika, katika mji wa Bloemfontein, mwaka 1892. Mwaka 1916 alipigana huko Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Vita vya pili vilipokuja, ilikuwa zamu ya mwanawe. Mwaka 1944 kijana Christopher alikuwa Afrika Kusini akifunzwa urubani katika jeshi la anga la Uingereza. Baba hakuwa na la kumsaidia ila kalamu. Akawa anaandika sura za nusu ya pili ya juzuu hili na kumpelekea kijana kwa posta, sura baada ya sura. Basi kabla ya kuwa kitabu cha dukani, kurasa hizo zilikuwa zawadi ya mzazi kwa mtoto aliyechukuliwa na vita.

Wala Tolkien hakukusudia majuzuu matatu. Kwake yeye hadithi ilikuwa moja. Uhaba na bei ya karatasi baada ya vita ndivyo vilivyomfanya mchapishaji aikate vipande. Hivyo waliolinunua juzuu la pili walifika ukurasa wa mwisho wakamkuta Frodo, mbeba pete, ametekwa na adui, na mtumishi wake Sam ameachwa nje ya lango lililofungwa. Juzuu la tatu lilitoka tarehe 20 Oktoba 1955. Walisubiri miezi kumi na moja!

Katika nusu ya kwanza ya juzuu hili, Aragorn na wenzake wawili wanawafuatia maadui waliowateka rafiki zao. Kwa muda usiotimia siku nne wanakwenda kwa miguu zaidi ya kilometa 200, mwendo unaoipita njia ya kutoka Jinja hadi Mbale. Hata hivyo hawawapati. Waliotekwa wamekwisha kujiponyesha, wameingia msituni, na huko wamewaamsha wachungaji wa miti, wazee waendao polepole, wenye uchungu kwa sababu Saruman ameikata misitu yao ili kuchochea tanuri zake. Wazee hao wanayakusanya maji ya mto, kisha wanayafungulia, na karakana za Saruman zinagharikishwa. Msomaji anayeishi kando ya mto Nile uliozuiwa kwa ukuta ataielewa nguvu hiyo upesi. Na wale watatu je? Mbio zao hazikuwafikisha walikotaka, bali ziliwafikisha walikohitajiwa, kwenye nchi iliyokuwa karibu kuangamia.

Nusu ya pili ni ya Frodo, Sam na Gollum, kiumbe aliyeharibiwa na pete, ambaye anawaongoza huku ana hila moyoni. Hapa mama wa nyumbani atampenda Sam. Katika nchi ya hatari yeye amebeba sufuria zake na kijisanduku cha chumvi. Gollum analeta sungura wawili. Sam anawapika kwa majani ya kuungia, akisikitika kwamba hana viazi. Baada ya kula anakumbuka kuwa hakuuzima moto vizuri. Moshi umepanda, na askari wameuona. Ni bahati yao kwamba mkuu wa askari hao, Faramir, ni mwungwana.

Baadaye, wakipanda ngazi za mlima mkali, Sam anatoa wazo ambalo ndilo moyo wa kitabu. Watu wa hadithi kubwa, asema, hawakujua kama mwisho wao ungekuwa mwema. Walikuwa na nafasi nyingi za kurudi nyuma, lakini waliendelea, na kwa hiyo wanakumbukwa. Nani asiyeliona wazo hilo katika mwanamke anayeilea nyumba peke yake mwaka mzima?

Wazazi, jaribuni hivi. Someni kwa sauti jioni, sura moja kwa siku, na maneno magumu ya Kiingereza myafafanue kwa Kiswahili au kwa Kisoga. Kama juzuu la kwanza halipatikani, waelezeni watoto kwa ufupi jinsi Frodo alivyoipata pete na kwa nini sharti iharibiwe. Sura za buibui Shelob zisomwe mchana, kwani zinatisha. Mwisho wa kila sura mwulizeni mtoto: ungekuwa wewe, ungefanya nini?

Na ikiwa baba yuko mbali kikazi, mtoto na aandike kwa mkono wake yale yaliyosomwa juma hilo, naye apelekewe. Tolkien alimwandikia mwanawe. Watoto nao wanaweza kumwandikia baba yao. Atakaporudi, watalisoma pamoja naye juzuu la tatu.