Kabla Kikundi Hakijanunua Ruta Mpya



Siku hizi nikitembelea vikundi vya hapa Suneka, mkutano hauishi bila mtu kuuliza: "Mtandao wetu hauvuki ukuta, si tununue ruta kubwa?" Jambo hili linahusu pesa za wengi, kwa hivyo hebu tulitazame polepole.

Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa kimeshatenga shilingi 8,000 kutoka michango yao ya kila wiki. Niliomba kwanza nione ile ruta ya zamani. Wakanipeleka kwenye kabati la chuma wanamofungia vitabu vya hesabu na muhuri. Ruta ilikuwa humo ndani, na kufuli juu! Waliogopa wezi, na siwalaumu. Lakini mawimbi ya Wi-Fi hayapenyi chuma, huligonga na kurudi. Tuliitoa tukaitundika katikati ya nyumba, juu kuliko kimo cha mtu, na simu za kwenye veranda zikaanza kupata mtandao. Zile 8,000 bado ziko benki.

Basi jueni kwanza ugonjwa uko wapi. Simama na simu karibu kabisa na ruta, wakati wengine hawaitumii, upime kasi kwa tovuti ya fast.com. Kama mnalipia megabiti 10 kwa sekunde na hapo unapata 9 au 10, laini ni nzima, shida ni mawimbi kufika mbali. Kama hata hapo unapata 2, mara nyingi shida iko nje, kwa kampuni au kwa mnara, na ruta mpya haitawasaidia. Wenye ruta ya laini ya simu wajaribu kuiweka dirishani, upande unaotazama mnara. Milima yetu hii huzuia sana.

Ruta nyingi za sasa zina mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi na kupenya ukuta vizuri kidogo. Ya gigahezi 5 yana kasi zaidi lakini huchoka haraka, hasa ukuta ukiwa wa mawe au matofali. Aliye mbali achague 2.4.

Muuzaji atakuonyesha antena nane kama miiba ya nungunungu. Usibabaike. Mazungumzo ni ya watu wawili: hata ruta ikipaza sauti, simu yako ndogo lazima ijibu, na sauti yake haijaongezeka. Tena, kwa laini ya megabiti 10, hata Wi-Fi 4, aina iliyotoka mwaka 2009, inabeba mzigo huo bila taabu. Wi-Fi 6, iliyoanza kuidhinishwa mwaka 2019, ni nzuri palipo na simu nyingi kwa pamoja na laini ya kasi, nazo simu zenyewe ziwe za aina hiyo.

Na kama nyumba ya pili, tuseme ile ya kompyuta za vijana, iko mita 40 kutoka ofisini? Kile kifaa cha kurudia mawimbi kitafikisha mtandao, ila kile cha bei rahisi hupokea na kutuma kwa redio moja, na kasi hupungua karibu nusu. Njia bora ni kuvuta waya wa mtandao, ambao hufika hadi mita 100, na kuweka ruta ya pili mwisho wake. Ile ya zamani yaweza kufanya kazi hiyo. Mwambie fundi aizime kazi ya kugawa anwani, ibaki kwa ruta ya kwanza tu, la sivyo zitagombana.

Waya huo uwe wa kustahimili jua na mvua. Na huku kwetu Kisii radi si mzaha: mnaposikia ngurumo bado iko mbali, chomoeni waya wa mtandao na wa stima, pande zote mbili. Ngurumo ikishafika juu yenu, msiguse kitu.