Chokoleti ya mtoto, kiboko cha baba

Ukiingia dukani Ujerumani ukamkuta mtu mzima anatikisa yai la chokoleti karibu na sikio, usidhani ana wazimu. Anasikiliza kilichomo ndani. Wengine huyapima hata kwa mizani.

Mayai hayo, Kinder Surprise, yalianza kuuzwa na kampuni ya Ferrero ya Italia mwaka 1974. Nje chokoleti, ndani kikopo cha plastiki chenye kichezeo. Yalitengenezewa watoto, lakini wapo waliokua nayo wasiache. Wanachosaka zaidi ni visanamu vya seti, kama vile viboko wa Happy Hippos. Hata kijikaratasi kinachokuja na kisanamu hawakitupi, kwa kuwa seti yenye karatasi zake ina bei kuliko isiyo nazo.

Kwa mwenye watoto, kasheshe ndipo inapoanza. Mtoto anakula chokoleti, baba anachukua kiboko na kukifungia kwenye kabati la kioo. Chokoleti imeisha kwa dakika mbili, na alichokuwa anakisubiri mtoto ni kile kile kilichofungiwa! Mimi naona huo ni uchoyo. Mzazi, ukipata viwili vinavyofanana, kimoja mpe mwanao acheze nacho mpaka kivunjike.

Ila aliye chini ya miaka mitatu asipewe kabisa. Vipande vile ni vidogo, vinaweza kumkaba kooni, ndiyo maana pakiti ina onyo. Kabati litiwe kufuli, na vikopo visiachwe sakafuni.