Ifahamu JPEG Kabla ya Kutuma Picha ya Cheti Chako

Siku hizi nyaraka nyingi hutumwa kwa simu: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, matokeo ya mtihani, hati ya kiwanja. Baadhi hufika zikiwa na ukungu, hata msomaji asijue kama tarakimu ni 3 au 8. Nakala isiyosomeka huweza kumchelewesha mwombaji mwenye sifa zote. Mara nyingi kamera haina kosa; chanzo ni namna picha ilivyobanwa njiani.

Picha nyingi za simu huhifadhiwa katika muundo wa JPEG. Muundo huu ulibuniwa na jopo la wataalamu lililoundwa mwaka 1986, ukaidhinishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992. Jina la faili huishia na .jpg au .jpeg, yote mawili yana maana moja.

Faida yake ni kuokoa nafasi. Picha ya rangi yenye pikseli milioni 12 huchukua takribani megabaiti 36 isipobanwa. JPEG huishusha hadi megabaiti chache tu. Huigawanya picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, kisha hupunguza taarifa ambazo jicho halizitambui kwa urahisi, hususan tofauti ndogo za rangi. Katika picha ya sura au mandhari, upungufu huo hauonekani kwa urahisi. Katika maandishi madogo hujitokeza mapema, kwa kuwa kingo za herufi hufifia.

Kilichoondolewa hakirudi. Picha ikihaririwa na kuhifadhiwa upya, hupoteza tena. Programu za kutumiana ujumbe nazo kwa kawaida huibana zaidi. Kubadili jina kutoka .jpg kuwa .png hakurejeshi chochote.

Kwa hiyo, mwananchi anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Piga picha waraka halisi penye mwanga wa kutosha. Usipige picha ya nakala iliyo kwenye simu nyingine.
2. Tunza faili ya kwanza bila kuihariri.
3. Unapotumia programu ya ujumbe, chagua kutuma kama faili, si kama picha.
4. Kabla ya kutuma, ikuze picha na usome kila jina na kila tarakimu.

Usichoweza kukisoma wewe mwenye cheti, afisa atakayekipokea naye hataweza kukisoma.