Gari ya Mzigo Imetoka Gereji na Bado Inasumbua? Anza na Kilichoguswa

Wauzaji wenzangu, leo tuache kidogo mambo ya picha na matangazo, tuongee gari. Wengi wetu huku Mandewa na Singida mjini tunauza mtandaoni, lakini mafuta ya alizeti na kuku wa kienyeji havitumwi kwa stetasi. Vinabebwa. Na mara nyingi kinachobeba ni Corolla au Noah ya miaka ya 1990, nyingine zina umri kuliko mwenye nayo.

Sasa umetoa hela ya maana. Mkanda wa taimingi mpya, gasketi ya hedi mpya, plagi mpya. Unawasha, inatetemeka, haina nguvu. Fundi anakwambia pampu ya mafuta imekufa, nunua. Hapo tulia kwanza. Pampu inaweza kufa siku yoyote, sikatai, ila kama ugonjwa huo haukuwepo kabla ya gereji, mshukiwa wa kwanza ni kile kilichofunguliwa na kufungwa. Mwambie fundi ataje kila alichogusa, wewe andika kwenye simu, halafu mpitie upya kimoja kimoja kabla hujanunua spea yoyote.

Corolla ninayobebea mizigo ya duka ilitoka gereji moja ikiwa na moshi mweusi na harufu kali ya petroli. Nikatajiwa nozeli nne mpya. Fundi mwingine akafungua boneti, akaangalia, akachomeka mpira mwembamba unaotoka kwenye manifodi kwenda kwenye sensa ya hewa. Basi. Mpira ule ukichomoka, kompyuta inadhani injini imebeba mzigo mzito, inamwaga petroli nyingi. Nozeli hazikuwa na kosa.

Kama inamisi kwa mpangilio, yaani inadunda tak-tak bila kuacha, angalia waya za plagi. Injini hizi za silinda nne zinachoma kwa mfuatano wa 1-3-4-2, na waya mbili zikibadilishana nafasi hutapata raha. Kama ni ngumu kuwaka na kwenye kilima inalegea, rudini kwenye mkanda wa taimingi. Jino moja tu likiruka linatosha kuua nguvu. Fundi afungue kava akuonyeshe alama zimekutana. Asikwambie kwa mdomo.

Toyota nyingi za miaka hiyo hazihitaji hata mashine ya kupimia. Ndani ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS. Ukiunganisha tundu la TE1 na E1 kwa waya mfupi, ukafungua swichi bila kupiga stata, taa ya injini inakonyeza namba. Mara mbili, inapumzika, mara mbili tena: hiyo ni 22, sensa ya joto la maji, na baada ya kazi ya hedi soketi yake husahaulika sana. 31 ni ile sensa ya hewa. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, kompyuta haijaona kosa. Usikosee tundu lakini, unaweza kuunguza kitu. Mwachie fundi umeme.

Joto ndilo la kuogopa. Mshale ukipanda baada ya gasketi mpya, huenda ni hewa tu imebaki kwenye njia za maji, fundi aitoe injini ikiwa imepoa. Ila ikishatolewa na maji bado yanatoa mapovu kwenye rejeta, au yanapungua na moshi ni mweupe mzito, gasketi haijashika au hedi imepinda. Usiendelee kuiendesha. Taa ya oili ikiwaka, zima hapo hapo, hata kama uko katikati ya barabara ya Dodoma.

Na usipokee hela za oda za njia ndefu siku gari inatoka gereji. Hela ya mteja ukishailia spea, kuirudisha ni shughuli. Jaza madumu ya maji, kila dumu la lita 20 ni kilo 20, yafike uzito wa mzigo wako wa kawaida. Zunguka nayo Mandewa na mjini siku mbili. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, pima maji na oili. Visipopungua, tangaza safari ya Nzega, maana mlima Sekenke hauna huruma na gari ya kujaribia.